Hivi kwenye rufaa za hataza, ni nani anayeamua kwamba uvumbuzi ni "kitu dhahiri"? (Kisa: mashine ya mawese Kigoma)

#1 MtuWaUjiji
Wakuu salaam.

Kuna fundi pale Mwanga, hapa Kigoma, anachomelea mashine za kukamua mawese. Mashine zetu mnazijua: pipa, ndani yake shafti yenye mapanga ya kuponda chikichi, kisha silinda yenye skrubu ya kukamulia, pembeni injini ya dizeli inayovuta mkanda. Kero ya siku zote ni kwamba rojo likipoa kidogo tu mafuta yanaanza kuganda. Unakamua na kukamua, mashudu yanatoka bado mekundu na yanateleza mkononi.

Huyu bwana kafanya hivi. Ekzosi ya injini, badala ya kuielekeza juu, kaizungusha nje ya silinda ya kukamulia mizunguko mitatu, akaivika bati, katikati akajaza majivu ili joto lisitoroke. Moshi unatokea nyuma kabisa, mbali na mafuta. Silinda inabaki ya moto kutwa nzima bila kuongeza hata ukuni mmoja. Mashudu yanatoka makavu, unayavunja kwa vidole.

Tukamshauri aombe hataza (patent), yaani haki ya kuzuia wengine wasiuige uvumbuzi wake. Mwanasheria mmoja wa Dar akapigiwa simu, akamaliza kwa dakika mbili: "Hiyo ni dhahiri. Ekzosi ina moto, mawese yanataka moto. Utakataliwa, na ukikata rufaa utashindwa."

Sasa naomba kueleweshwa. Kama ni dhahiri, mbona miaka yote hii hakuna aliyeifanya? Na hao wanaokaa kusikiliza rufaa wanashika kipimo gani? Dhahiri kwa nani?

Nawasilisha.

#2 Kibirizi Boy
Ngoja waje wenye sheria zao. Nimekaa paleee.

#3 Dagaa Mchele
Mwanasheria yuko sahihi. Abiria yeyote wa bodaboda aliyewahi kuungua mguu anajua ekzosi ina moto. Kuchukua moto ulipo na kuupeleka unapohitajika siyo uvumbuzi, ni akili ya kuzaliwa.

#4 Wakili wa Buzebazeba
Mimi si wakili wa hataza, jina la humu lisiwadanganye, ila kesi zake nazisoma kwa kupenda.

Tuanze nyumbani. Sheria yetu ya Hataza, namba 1 ya 1987, inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu, na uweze kutumika katika uzalishaji. Hiyo ya katikati ndiyo inayogombaniwa dunia nzima. Upya ni rahisi kuupima, unatafuta tu kama kuna aliyekwisha kufanya au kuandika kitu kilekile. Ubunifu unauliza jambo gumu zaidi: fundi wa kawaida wa fani hiyo, akiwa anajua yote yaliyokwisha kutangazwa kabla ya tarehe ya maombi, angeifikia hatua hiyo bila kuumiza kichwa?

Fundi huyo hayupo popote, ni mtu wa kwenye sheria tu. Kasoma kila kitabu na kila hataza ya kila nchi, hata za Kijapani, ila hana kipaji.

Marekani jambo hili liko kwenye kifungu cha 103, tangu sheria yao ya 1952. Mwaka 1966 Mahakama yao ya Juu, kwenye kesi ya Graham na kampuni ya John Deere iliyohusu jembe la trekta la kulimia ardhi ya mawe, ikaweka utaratibu: tazama yaliyokuwepo, tazama tofauti kati yake na uvumbuzi, tazama kiwango cha fundi wa kawaida. Baada ya hapo unaruhusiwa kuangalia na mambo ya pembeni: biashara ilivyopokea, shida ilivyokaa muda mrefu bila dawa, wengine walivyojaribu wakashindwa. Swali la mleta mada la "mbona hakuna aliyeifanya" linaingilia mlango huo wa pembeni.

#5 Fundi Spana
"Kasoma kila kitabu ila hana kipaji" 😂 Huyo nilikaa naye dawati moja.

#6 Kibirizi Boy
#4 umeeleza vizuri, ila hayo ni ya zamani. Mwaka 2017 walibadilisha kwenye kesi ya pedali ya breki, wakasema ukiunganisha vitu viwili vinavyojulikana hupati hataza. Kwa hiyo ekzosi + silinda = imekula kwake.

#7 Wakili wa Buzebazeba
Kibirizi, ni 2007, na ilikuwa pedali ya mafuta. Kesi ya kampuni za KSR na Teleflex. Na hawakusema hivyo.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na pedali za kusogeza mbele na nyuma zimfuate dereva mfupi au mrefu. Kulikuwa pia na sensa za umeme za kupima pedali imekanyagwa kiasi gani. Teleflex wakadai hataza ya kuvikutanisha, sensa ikiwa imefungwa kwenye kiungio kisichosogea. Mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza kule, ile ya Federal Circuit, ilikuwa na mazoea yake: ili kitu kiwe dhahiri, onesha mahali palipofundisha au palipodokeza kuviunganisha. Mahakama ya Juu ikasema kipimo hicho kinafaa, lakini kisigeuzwe kuwa sheria ngumu kama chuma. Fundi wa kawaida naye ana ubunifu wake wa kawaida, si roboti.

Lakini hawakufuta haja ya sababu. Anayesema "dhahiri" bado anatakiwa aeleze kwa nini fundi angeviunganisha vitu hivyo viwili, kwa namna hiyo. Hukumu ileile inakiri kwamba karibu kila uvumbuzi ni muunganiko wa vitu vinavyojulikana.

#8 Dagaa Mchele
Sababu si hiyo imeandikwa pale juu? Mawese yakipoa yanaganda. Joto linatupwa hewani bure. Unataka sababu gani tena, uandikiwe barua?

#9 NyukiTabora
Wanakigoma naingilia, nipo Sikonge. Mimi nilitengeneza kikamulio cha masega kwa jeki ya gari: fremu ya chuma, ndoo ya kutoboa, jeki inasukuma kutoka chini. Nikaona nimevumbua. Nikaenda kwenye maonesho, namkuta jamaa wa Urambo kaja na kitu kilekile, mpaka upana wa fremu, na hatujawahi kuonana hata siku moja.

Nauliza wajuzi, hiyo nayo ni ushahidi?

#10 Wakili wa Buzebazeba
Ni ushahidi, na unakukata. Marekani watu wawili wakifika mahali pamoja kwa wakati mmoja bila kuonana, mahakama inaweza kulitumia hilo kuonesha kwamba kitu kilikuwa kimekaribia kujitokeza chenyewe. Peke yake hakimalizi kesi, lakini kinaumiza.

#11 NyukiTabora
Basi yule wa Urambo ana kesi ya kunijibu 😂

#12 Mama Mise
Wanangu, mnaongea sheria wakati hamjawahi kusimama kwenye kikamulio. Dagaa Mchele, wewe unasema joto linatupwa bure mtu angelichukua. Sisi tunaokamua tumefundishwa na mama zetu, na mafundi wanatuambia hivyohivyo kila siku: moshi wa dizeli usisogee kwenye mafuta. Mteja wa Dar akifungua dumu akasikia harufu ya moshi, mzigo unarudi na nauli unalipa wewe. Ndiyo maana ekzosi zote pale zimeelekezwa juu, nyingine zimerefushwa mpaka zipite paa la banda. Kila aliyefunga mashine alikuwa anaikimbiza ekzosi, halafu huyu mmoja kaigeuza akairudisha kwenye silinda. Na bado mnasema ni dhahiri?

#13 Katubuka22
Mama umemaliza kesi 👏

#14 Wakili wa Buzebazeba
Shikamoo Mama. Umeshika penyewe. Siku ileile ya hukumu ya jembe, 21 Februari 1966, mahakama ileile iliamua kesi ya pili, ya betri ya bwana Adams. Magnesi na kloridi ya shaba, unatia maji tu inafanya kazi. Vyote vilijulikana. Lakini maarifa ya wakati ule yalikuwa yanawakatisha watu tamaa na betri za namna hiyo, na wataalamu wa jeshi la Marekani walipooneshwa mara ya kwanza hawakuamini kama itafanya kazi. Mwenye jembe alishindwa, mwenye betri akashinda, na kipimo kilikuwa kimoja. Yaliyokuwepo yakiwa yanamsukuma fundi aende kushoto, na wewe ukaenda kulia ukafanikiwa, hapo una hoja.

#15 Mzee wa Boila
Naomba niwaharibie sherehe.

Nimefanya kazi viwanda vikubwa vya mafuta ya michikichi, nje ya nchi, kule Malaysia, mpaka nilipostaafu. Kwenye viwanda hivyo chombo cha kupondea chikichi kabla ya kukamua kina koti la mvuke. Ni silinda ndani ya silinda, katikati unapita mvuke, rojo linakaa karibu nyuzi 90 mpaka 95. Si siri, imo kwenye vitabu vya mafunzo ya fani hiyo tangu zamani. Yaani kuzungushia kitu cha moto nje ili mafuta yasigande kunajulikana kabla hata huyo fundi hajazaliwa.

Na yule fundi wa sheria wa #4, ambaye kasoma kila kitu, hilo koti analijua hata kama Mwanga hakuna anayelijua. Kilichobaki ni kubadilisha mvuke kuwa moshi wa ekzosi.

#16 Dagaa Mchele
Kula chuma hicho.

#17 MtuWaUjiji
Mzee wa Boila nashukuru, ila umenikata maini. Kwa hiyo fundi wa Mwanga anapimwa na vitabu vya Malaysia ambavyo hajawahi kuviona?

#18 Mzee wa Boila
Ndiyo. Anayepimwa ni uvumbuzi, si mtu. Jasho lake nalijua na namheshimu, lakini sheria haiulizi umehangaika vipi.

#19 Katubuka22
Tusikimbilie. Nilisoma Ulaya kidogo mambo haya, bodi zao za rufaa hazifanyi kama Marekani. Wao wana ngazi. Kwanza wanachagua kitu kimoja kilichokuwepo kilicho karibu zaidi na uvumbuzi. Pili wanatazama tofauti, na tofauti hiyo inaleta faida gani ya kiufundi. Kutokana na hapo wanaunda swali: "tatizo lililokuwa linatafutiwa dawa ni lipi?" Mwisho wanauliza kama fundi akiwa na tatizo hilo angefanya hivyo. Kuna uamuzi wao mmoja wa zamani, T 2/83, ndio unaotajwa kila mara: haitoshi kwamba fundi ANGEWEZA kufanya, inabidi ionekane kwamba ANGEFANYA, akitegemea kupata faida fulani.

Ukianzia kwenye koti la mvuke la Mzee, tatizo linakuwa: "mtu asiye na boila apate wapi joto la kulisha koti hilo?" Hapo ekzosi inasogea karibu sana. Ukianzia kwenye mashine za Mwanga zenye ekzosi juu ya paa, tatizo ni jingine, na onyo la Mama Mise linapata uzito wote. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda au kushindwa hapohapo kwenye kuchagua pa kuanzia, kabla neno dhahiri halijatamkwa.

#20 Kibirizi Boy
Yaani ukichagua mlango unakuwa umechagua na chumba cha kulala.

#21 Fundi Spana
Mimi hoja ya kutazama nyuma ndiyo inaniumiza. Kitendawili kikishateguliwa kila mtu alikuwa analijua jibu. Dagaa Mchele kabla ya uzi huu hujawahi kuisema ekzosi hata siku moja.

#22 Dagaa Mchele
Mimi nauza dagaa, ningeisemea wapi?

#23 Wakili wa Buzebazeba
Spana, ndiyo ugonjwa mkubwa wa kesi hizi na kila mahakama inaukiri. Ndiyo maana wanang'ang'ania mambo ya pembeni, kwa kuwa ni ushahidi wa wakati ule, kabla jibu halijajulikana. Uingereza mwaka 1999 kulikuwa na kesi ya kikombe cha mtoto, cha Mandy Haberman. Kikombe chenye vali, mtoto anyonye kinywaji kitoke, akikidondosha kisimwagike. Vali zilikuwepo tele. Wapinzani wakasema ni dhahiri mno. Jaji akauliza lile swali la #1: watengenezaji wote wanataka kikombe kisichomwagika, vifaa vyote vipo mezani, mbona hamkukitengeneza? Mama yule akashinda.

#24 Katubuka22
Na ya kinyume chake pia ni ya Waingereza. Kampuni ya Windsurfing International ilikuwa na hataza ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga. Ukatolewa ushahidi wa kijana Peter Chilvers, ambaye mwaka 1958 akiwa na miaka 12 alijitengenezea wake akachezea ufukweni kisiwa cha Hayling. Wake ulikuwa na boriti za kushikia tanga zilizonyooka, wao walidai zilizopinda. Mahakama ya Rufaa mwaka 1985 ikasema tofauti hiyo ni dhahiri, hataza ikaanguka. Kampuni nzima imeangushwa na mtoto wa darasa la sita.

#25 Mama Mise
Na mwarobaini je? Si walitaka kutuchukulia mti wetu wakasema wameuvumbua wao?

#26 Wakili wa Buzebazeba
Mama, hawakudai mti. Walidai njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa kutumia mafuta ya mwarobaini. Idara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace walipewa hataza hiyo Ulaya mwaka 1994. Wapinzani, akiwemo mwanaharakati Vandana Shiva wa India, wakapeleka ushahidi kwamba wakulima wa India walikuwa wanatumia tangu zamani. Mwaka 2000 ikafutwa, wenye hataza wakakata rufaa, na Machi 2005 bodi ya rufaa ikaitupa.

#27 Kibirizi Boy
Na hataza ya manjano nayo ilifutwa kwa rufaa Marekani.

#28 Wakili wa Buzebazeba
Manjano haikuwa rufaa, ulikuwa uchunguzi upya kwenye ofisi yenyewe ya hataza. Baraza la utafiti la India, CSIR, lilipeleka maandiko ya kale kuhusu manjano na vidonda, ikafutwa 1997. Kibirizi leo unanipa kazi.

#29 Karani Mstaafu
Nimewasoma wote. Mnadhani watu wa rufaa wanakaa kuutazama uvumbuzi na kujiuliza "hivi hii ni dhahiri?" Sivyo wanavyofanya. Rufaa inatazama jalada.

Chukueni Marekani. Mwombaji akikataliwa mara mbili na mkaguzi wa ofisi ya hataza anaweza kwenda kwenye bodi ya ndani ya ofisi, wanakaa watatu. Akishindwa anaenda Federal Circuit. Pale, neno la mwisho la dhahiri au si dhahiri ni suala la sheria, majaji wanaliamua upya wenyewe. Lakini yaliyo chini yake, yaani kitabu fulani kinafundisha nini, fundi angekuwa na sababu ya kuunganisha au hapana, hayo ni mambo ya ukweli. Bodi ikiwa na ushahidi wa kutosha kwenye jalada, mahakama haiyagusi hata kama yenyewe ingeona vingine. Kesi nyingi zinaamuliwa hapo. Unaweza kuwa na uvumbuzi mzuri na ukashindwa kwa kuwa hoja ya Mama Mise hukuiandika kwenye ngazi ya chini.

Ulaya nao wamekaza. Kanuni za bodi zao tangu Januari 2020 zinabana sana kuleta hoja au ushahidi mpya kwenye rufaa. Anayesema nitajieleza mbele ya safari amekwisha.

#30 Dagaa Mchele
Kwa hiyo #1 jibu lako ni: anayeamua ni aliyepanga makaratasi vizuri.

#31 Katubuka22
Hapana bwana, #29 anasema kweli kuhusu Marekani, ila Ulaya bodi inakaa na watu wenye ujuzi wa kiufundi ndani yake. Mara nyingi wawili mafundi, mmoja mwanasheria. Wale wanakichambua kitu chenyewe.

#32 Karani Mstaafu
Wanachambua kilichowekwa mbele yao. Turudi palepale.

#33 NyukiTabora
Nyie mnazunguka Ulaya na Marekani, fundi yupo Mwanga. Hapa kwetu si kuna cheti cha matumizi? Sheria yetu hiyohiyo ya 1987 ina fungu la vyeti vya matumizi: kitu kiwe kipya na kitumike kwenye uzalishaji, hiyo hatua ya ubunifu hawaidai. Ulinzi wake ni wa muda mfupi kuliko hataza, lakini ugomvi wote wa dhahiri unaukwepa. Na Itifaki ya Harare, mkataba wa nchi za Afrika kuhusu hataza, tumo, na ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, nao wanasajili vitu vya aina hiyo.

#34 Wakili wa Buzebazeba
Mtu wa Sikonge kawashinda wana Kigoma wote. Njia hiyo ni ya kweli. Ila awe mwangalifu na upya. Mleta mada katueleza humu mpaka majivu yaliyojazwa kwenye bati. Ulaya ukishatangaza mwenyewe kabla ya kuomba umejifunga. Marekani wanakupa miezi 12 ya kuomba tangu ulipotangaza.

#35 MtuWaUjiji
Mkuu usinitishe. Mashine yenyewe ipo barabarani watu wanapita wanaiona. Ila kuna kitu sikukiandika pale #1 na sitakiandika chote. Mwanzo alipozungusha ekzosi injini ilikuwa inakosa nguvu, chikichi zikijaa inazima. Tatizo alilitatua kwenye bomba lenyewe.

#36 Fundi Spana
Aaah! Hapo sasa umenigusa. Ekzosi ukiirefusha na kuipinda injini inabanwa pumzi, moshi unarudi nyuma. Kama kapata namna ya kupitisha moshi mizunguko yote hiyo bila kuikaba injini, basi madai ya hataza, yaani kile anachoomba kilindwe, yaandikwe hapo, siyo "kutumia joto la ekzosi". Koti la Mzee wa Boila linatumia mvuke kutoka boila, halina injini ya kukaba. Halikuwahi kulitatua tatizo hilo kwa sababu halikuwa nalo.

#37 Mzee wa Boila
Spana, hapo nakubali nusu. Ukidai joto, nakuletea koti langu. Ukidai umbo la bomba, itabidi nitafute kwingine.

#38 Dagaa Mchele
Kwingine ni gereji. Injini ikikabwa unaongeza kipenyo cha bomba, kila fundi wa magari anajua.

#39 Fundi Spana
Fundi wa magari si mkamua mawese. Ukiongeza kipenyo moshi unapunguza mwendo na joto linashuka, unarudi kwenye mashudu mekundu. Halafu bodi itamchukua fundi wa fani ipi hapo, wa injini au wa mafuta?

#40 Katubuka22
Ulaya wanaweza kusema ni timu, wa injini na wa mafuta pamoja.

#41 Dagaa Mchele
Wakiwa timu ndiyo dhahiri zaidi, vichwa viwili.

#42 Mama Mise
Timu gani hiyo, mimi nimekaa pale Mwanga miaka sijawahi kumwona fundi gari na mkamuaji wakiongea zaidi ya bei ya mkanda.

#43 Wakili wa Buzebazeba
Mama, hilo liandikwe kwa kiapo, liingie kwenye jalada. Na MtuWaUjiji, kuhusu bomba usiongeze neno humu. Njoo PM.